Maji ya Mfereji wa Bi Nasiha

Kila alfajiri, kabla hajabandika birika la chai, Mwanaesha huweka ndoo chini ya mfereji wa uani na kuufungua. Mfereji hukohoa, huvuta pumzi, kisha huanza: "Ndugu zangu wa Mji wa Kale, hamjambo? Hamjambo tena?" Huiacha sauti itoke kidogo, maana huwezi kujua, huenda nyuma yake mna maji. Hamna. Basi huufunga, huipindua ndoo, hujitanda leso na kwenda kumngoja mwuza maji wa mkokoteni kwenye kona ya kichochoro.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mtaani Kibokoni tangu uchaguzi uliopita. Wiki ile Mheshimiwa aliyeshinda alipoapishwa maji yalikatika, na mabomba yakaanza kuleta hotuba zake. Kila mtaa ulipata yake. Majengo walipata ile ya ajira kwa vijana, Makupa wakapata ile ya barabara pana, na kuna mama mmoja wa Mkanyageni aliyekuwa akimfungulia mwanawe ile ya bajeti apate kulala. Kibokoni ndiko ilikotoka ile ya maji. Watu walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea, kama walivyozoea kupanda kwa unga.

Wazee waliokumbuka enzi za chama kimoja walisema wakati ule mifereji ilitoa maji kidogo na watu walinong'ona. Sasa kila mtu anasema atakalo, mchana kweupe, na mifereji nayo inasema. Zamani serikali ilikuwa Nairobi na watu waliingoja kutoka mbali. Sasa imeletwa mlangoni, wanaingoja hapo hapo mlangoni. Hayo ndiyo maendeleo, alisema Maalim Ubaid, jirani yao, na hakuna aliyejua kama alikuwa anatania.

Joab Odera wa ofisi ya maji alipita kila mwisho wa mwezi kusoma mita. Alikuwa mtu wa bara mwenye adabu zake, hakuingia uani bila kubisha hodi. Mwanaesha alimwonyesha mshale ukizunguka huku mfereji ukihutubia ukuta.

"Yazunguka hiyo, na mie sijapata hata tone la kuoshea kijiko."

"Mama, mita inahesabu kinachopita," alisema Joab. "Haiulizi ni nini."

"Na kwako je?"

"Kwangu Majengo inatoka ya ajira. Watoto wameishika kwa moyo, wanaimba wakienda shule."

Akaandika alichoandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Mara moja tu maji yalirudi. Mheshimiwa alikwenda India kupasuliwa koo, na daktari akamkataza kusema. Asubuhi hiyo hiyo mifereji ya Mji wa Kale ikatoa maji, matamu, baridi, bila hata neno moja. Lo! Watu walifua mapazia, wakaosha ngazi, wakaoga mchana na jioni, na msikitini mtu mmoja akaomba dua Mheshimiwa asiharakishwe kupona. Kila nyumba ilijaza mapipa. Koo likapona. Alipotua uwanja wa ndege na kuwashukuru waliokuja kumpokea, maji yakakatika, na yale yaliyokuwa ndani ya mapipa nayo yakanywea yote, zikabaki shukrani zikivuma humo mpaka magharibi. Tangu hapo hakuna aliyehangaika kuweka akiba. Lakini kila mtu alijua: akinyamaza yule, maji huja.

Sasa, Mwanaesha kazi yake ni kuosha. Mwanamke akifa kuanzia Kibokoni mpaka Kuze, yeye ndiye aitwaye. Mamake alikuwa mwosha, na bibi yake pia. Ana mikono mipana isiyotetemeka, na akishaingia chumba cha maiti hasemi ila la lazima. Maji ya kuoshea alikuwa akitumia ya kisima, ya chumvi, kama mji mzima unavyotumia. Ni tohara yale, hayana neno. Ila Bi Nasiha hakuyataka.

Bi Nasiha alikuwa shoga yake tangu utotoni. Walisomea chuo kimoja cha Kurani na kuolewa mwaka mmoja. Wakafiwa na waume zao, nao wakajifundisha kucheka tena. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, akikaa kwenye baraza lake na nduguye, Maalim Ubaid, ambaye alikuwa karani wa bandarini mpaka kazi zilipohamishiwa bara pamoja na makontena. Siku za kampeni ile ya kwanza Mheshimiwa aliketi kwenye baraza hilo. Alikunywa kahawa yake, akala kaimati zake, akamshika mkono mbele ya watu na kumwambia, "Bi Nasiha, mama yangu, nichagueni, mtaoga maji ya mfereji mpaka vidole vikunjamane."

Bi Nasiha aliamini. Hilo ndilo lililomkereketa baadaye, si kwamba alidanganywa, bali kwamba aliamini, mtu mzima na akili zake. Alipiga foleni tangu alfajiri na goti lake bovu, akapiga kura, akarudi akakionyesha kidole chenye wino kila nyumba ya kichochoro kile.

Alipougua figo na kuonekana hana siku nyingi, alimwita Mwanaesha akamtoa kila mtu chumbani.

"Nikifa unioshe wewe."

"Nani mwengine? Mungu akupe umri."

"Wacha umri. Sikiza. Sitaki maji ya kisima. Nimeoga chumvi maisha yangu yote, nywele zimenikatika kwa chumvi. Na ya mkokoteni siyataki, hayo hununuliwa. Mimi nataka ya mfereji wangu, wa uani mwangu. Yale niliyoyapigia kura."

"Nasiha, na mfereji wako unajua unatoa nini."

"Najua. Hotuba naisikia hapa kitandani mchana kutwa, nishachoka nayo." Akamshika kifundo cha mkono. "Ni wasia huu. Nimekubebesha."

Wasia si neno la kuchezea. Mtu akishaubeba, aubebe mpaka mwisho, na asipoutimiza atakwenda kuulizwa. Mwanaesha alitazama uso wa shoga yake, umevimba, hauna hata haya ya kudai jambo lisilowezekana.

"Nimekubali," akasema.

Bi Nasiha alifariki Alhamisi asubuhi, jua lishatoka. Ilikuwa tena wakati wa kampeni, na mifereji sasa ilileta anayoyasema Mheshimiwa saa ile ile, usiku ikirudia ya mchana. Mwanaesha alifika na kapu lake: sanda, pamba, karafuu maiti, majani ya mkunazi. Kitanda cha kamba kikawekwa uani, kikazungushiwa mashuka, na ufuo, handaki la kupokea maji, ukachimbwa chini yake. Shukri, mpwa wa marehemu, mwanamke mwenye watoto wake, alikuwa msaidizi. Mwanaesha alisema bismillahi, akaufungua mfereji.

"Madereva wa malori, nyinyi ndio uti wa mgongo wa nchi hii!" ulisema mfereji.

"Yuko Makupa," alisema Shukri.

Wakangoja. Mfereji ukaahidi maegesho, ukaahidi vyoo, ukataka waliokubali wanyooshe mikono. Wanawake waliokuwa sebuleni walianza kushauri, mmoja akasema maji ya kisima ni tohara, mwengine akasema ya bahari pia, wa tatu akataja kutayamamu kwa mchanga. Mwanaesha aliwajibu mara moja tu, bila kuinua sauti.

"Nina wasia."

Hapo ikaja habari kuwa Mheshimiwa amesikia msiba na anakuja kuzika. Mara ile ile Mwanaesha akafurahi, furaha ambayo hakuitegemea katika siku kama hiyo. Mtu akija matangani hupewa juzuu ya Kurani, akakaa na wanaume akasoma. Anyamaze, au asome Yasini kwa sauti ndogo kama mja mwengine, na muda wote huo asiwe anahutubia. Akamwita Maalim Ubaid nyuma ya pazia.

"Maalim, makiwa. Nisikize vyema. Akija yule, mpe juzuu mkononi, na ikimalizika mpe nyengine. Asipewe nafasi ya kusema mpaka nikutumie mtu kuwa nimemaliza. Nasiha ataoga maji yake akinyamaza yule, si vyenginevyo."

"Nimefahamu," alisema Ubaid, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hatasema. Inshallah."

Mheshimiwa alikuja na magari yake, na vijana wake wa kumshangilia wakaambiwa wasishangilie. Akavua viatu. Akawapa mikono wote, akaketi kwenye lile baraza alipokunywa kahawa, na Maalim Ubaid akamtia juzuu mkononi. Akainamisha kichwa.

Uani mfereji uliacha neno katikati. Ukakohoa. Ukatema kutu, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji.

Mwanaesha hakupoteza muda. Akamwosha shoga yake osho la kwanza, kuanzia kulia, chini ya kitambaa, kata baada ya kata, na maji yakapita juu ya ngozi ile iliyovimba yakateremka ufuoni. Bi Nasiha aligeuza kiganja chake juu ili kiyapokee. Shukri alimwinulia mkono kidogo ayafikie vizuri. Vidole vya marehemu vikaanza kukunjamana, kimoja kimoja, kama vya mtoto aliyecheza sana ndani ya maji.

"Ona," alisema Mwanaesha, na hilo halikuwa la lazima, lakini alilisema. Machozi yakamtoka akayaacha.

Osho la kwanza likaisha. Akayaponda majani ya mkunazi yakatoa povu jingi, akaanza osho la pili, akampaka povu mwili mzima, akamsugua nywele, zile nywele zilizoharibiwa na chumvi, mpaka kichwa kikawa cheupe. Kilichobaki kilikuwa kusuuza, na osho la mwisho la karafuu maiti, basi.

Nje, Yasini ilikuwa imekwisha. Wanaume waliitika amin, wakafunika juzuu, na pakawa kimya. Maalim Ubaid alikuwa na juzuu nyengine mkononi, ameinua mkono nusu. Lakini Mheshimiwa alikuwa amekwisha kumtazama, amekaa sawa, amejikohoza. Na watu wote walikuwa wakimtazama Ubaid. Mgeni mkubwa amekuja kwako siku ya msiba, ameacha shughuli zake, ameketi chini na watu, nawe umwache aondoke hivi hivi hata hakupewa neno? Watu watasemaje? Ubaid alilelewa vizuri, na malezi yalimfika kinywani kabla ya ahadi aliyompa Mwanaesha.

"Mheshimiwa," alisikia sauti yake ikisema, "kama una maneno mawili."

"Bismillahi rahmani rahim," ulisema mfereji, na maji yakakatika. Yaliyokuwa ndooni yakanywea.

Mwanaesha alisimama na kata tupu mkononi. Marehemu alikuwa amelala mbele yake, amefunikwa povu kuanzia utosini mpaka nyayoni.

"Kamwambie Maalim amnyamazishe. Sasa hivi."

Shukri alikwenda mpaka kwenye pazia, akanong'ona, akarudi.

"Asema atamaliza sasa hivi. Asema ni aibu kumkatiza."

"Aibu!" alisema Mwanaesha. "Na hii hapa ni nini?"

Hakumaliza sasa hivi. Mheshimiwa alisema kuwa Bi Nasiha alikuwa mama yake. Alisema kuwa marehemu alikufa na kiu ya maendeleo, na wanaume kadhaa walitikisa vichwa kwa majonzi. Akatangaza kuwa, kwa heshima ya mama huyu, ataleta maji Kibokoni, na mradi utaitwa kwa jina lake. Haya yote yalitoka nje barazani, na yalitoka pia uani, juu ya kichwa cha anayetajwa.

Ikalia adhana ya adhuhuri. Mheshimiwa akanyamaza, kama Muislamu yeyote, na maji yakaja. Mwanaesha na Shukri wakakimbilia kwa kata na kopo na mikono, wakasuuza uso, wakasuuza bega la kulia na kifua. Jamani, adhana haikuwahi kuwa fupi kama siku ile. Mwadhini alimaliza, dua ikaombwa, na mfereji ukasema, "Kama nilivyokuwa nikisema."

Shukri alileta ndoo ya maji ya kisima kutoka kwa jirani. "Tummalizie na haya, Bi Mwanaesha. Watu wanangoja kumswalia." Mwanaesha akachota, akasogea. Bi Nasiha alikifunga kiganja chake, akakaza vidole. Mwanaesha alijaribu kukifungua taratibu, kisha akaacha. Akayamwaga maji ya kisima ufuoni.

Mwishowe alikinga kata chini ya mfereji, ikajaa sauti, akaimimina juu ya nywele za shoga yake. Povu halikusogea. Akamimina nyengine.

Aliulizwa imamu kupitia pazia, na imamu akajibu vizuri tu: osho la kwanza limeenea mwili, faradhi imetimia, hayo mengine ni sunna, mzikeni. Ni kweli. Mwanaesha alilijua hilo kabla ya imamu. Akampangusa Bi Nasiha kwa kitambaa, povu likatoka na jingine likaja mahali pake, akampangusa tena, mpaka Shukri akamshika mkono. Wakamvisha sanda hivyo hivyo. Sanda ikalowa nywelani kabla hawajafunga.

Kule makaburini Kikowani Mheshimiwa alilibeba jeneza upande wa mbele, na vijana wakampiga picha kwa simu. Povu lilichuruzika kidogo likamwangukia begani mwa kanzu, akalipangusa kwa leso ya mfukoni na kuendelea kutembea. Picha ile ilisambaa sana. Watu walisema, sema utakavyosema, huyu mtu hukaa na watu chini.

Maalim Ubaid alikuja kwa Mwanaesha baada ya matanga. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Ningefanyaje?" aliuliza. "Wote walikuwa wakinitazama."

Mwanaesha alikuwa anajifuta mikono, maana tangu Alhamisi ile povu lilikuwa halijamtoka mikononi. Alishajaribu maji ya kisima, ya mkokoteni, ya bahari. Lilimvaa mpaka vifundoni, jepesi, lina harufu ya mkunazi, halimdhuru. Alipika nalo, alifuma kofia nalo, aliwapa watu mkono nalo, nao walijifuta pembeni bila kuuliza.

Mgombea mwengine alipita kichochoroni wiki iliyofuata. Mwanaesha alimkaribisha, akamsikiliza kwa haki, maana kura ni yake na alitaka kuitumia vizuri. Kijana alikuwa msafi wa maneno. Alipofika kwenye maji, mfereji wa uani ulianza kusema pamoja naye, neno kwa neno, kwa sauti yake yeye. Mwanaesha akamwambia asante, akamfungulia mlango.

Siku ya kura alikwenda. Hakuona namna ya kutokwenda, maana mamake, wa enzi za chama kimoja, alikufa hajawahi kumchagua mtu aliyemtaka. Binti wa mezani, Mwende kwa jina kwenye kitambulisho cha kifuani, alikuwa na chupa ya wino.

"Mama, naomba upanguse kidole."

"Hakipanguswi, mwanangu. Tia tu."

Mwende akatia. Wino ukapita ndani ya povu ukashika ukucha, na povu likajifunika juu yake. Mwanaesha akaingia kibandani na karatasi yake, akakaa humo muda mrefu mpaka askari akakohoa.

Mheshimiwa alishinda. Kwenye ukuta wa nyumba ya Bi Nasiha pakawekwa kibao kikubwa cha mradi, chenye jina lake marehemu na picha yake yeye Mheshimiwa. Joab Odera alipokuja kusoma mita ya nyumba ile, ambamo sasa alikaa Maalim Ubaid peke yake, aliikuta imezunguka sana.

"Ni ile ya mazishi," Ubaid alimwambia. "Naiacha wazi. Anamtaja jina."

Mwezi wa Mfungo Sita Mwanaesha aliitwa na mama mmoja wa Kuze, mgonjwa wa sukari, aliyetaka kumwachia wasia. Akaenda, akaketi kando ya kitanda, akangoja. Mgonjwa alimtazama usoni, kisha akaitazama ile mikono, muda mrefu, povu likitoa mlio mdogo wa kupasuka pasuka. Alikuwa amefungua kinywa kusema jambo. Akakifunga.

"Mie Bi Mwanaesha," alisema mwishowe, "hata ya kisima yatanitosha."

"Inshallah," alisema Mwanaesha, akaificha mikono ndani ya leso. Uani kwa yule mgonjwa mfereji ulikuwa umeachwa wazi, ukimshukuru kwa kura yake.